Usikate Kwenye Kiungo

Gdańsk, Desemba. Saa tisa na nusu
na dirisha limeshaishiwa mwanga.
Bwana Zbysław amekalia stuli
kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.
Ukumbi wa maigizo unataka picha: uso na mabega, basi.
Ana miaka sitini na mitatu. Anaomba kuwa hakimu,
daktari, "yeyote asiye fundi bati."

Bega la kushoto kwangu, namwambia. Kidevu mbele,
kama kobe anayechungulia mvua. Hapo hapo.
Najua kisu changu kitapita wapi:
juu, nipunguze nywele, paji libaki;
chini, nivuke kola,
maana shingo ikikatwa, kichwa hubaki kwenye sinia.

Akainua mkono, akaegemeza shavu.
Vidole viwili havipo.
Akaushusha upesi. "Huu utaukata, Bi Halszka?"

Nikajificha nyuma ya kanuni:
sisi hatukati kwenye kiungo,
si kiwiko, si kifundo, si kidole;
jicho litadhani mtu aliishia pale.

Kimya.
Kisha akacheka mpaka stuli ikalia:
"Basi ile mashine haikusoma chuo chako!"

Nikabonyeza.
Kidevu kimerudi nyuma, bega limeanguka,
jicho moja nusu limefumba,
na mkono umepanda tena, wenyewe, hadi shavuni.

Usiku nasogeza fremu kwenye skrini,
ndani, nje, ndani.
Mwishowe nimekata nywele zote,
na nusu ya sikio.
Mkono nimeuacha.