Tanga la Kokoa

Joto la Novemba lilihamia ndani,
likatutangulia kitandani,
bati likilia kama mtu anayevunja vidole.
Ukasema: twende tukalale ziwani.
Nikacheka. Ukaenda kuchukua makasia.

Mashua tuliuziwa na hospitali, kuukuu,
ubavuni zimebaki herufi chache tu: GONJWA.
Tukaiita hivyo hivyo.
Tanga ulilishona mwenyewe, Ambokile,
kwa turubai la kuanikia kokoa;
likijaa upepo, Matema nzima inanuka chachu.

Chupa ya chai. Maembe sita kwenye sufuria.
Kisu cha jikoni. Blanketi, sijui la nini.
Watoto wako bwenini Tukuyu, kwenye baridi yao;
nyumba tukawaachia mbu.

Ziwa lilikuwa limelala chali.
Kiupepo cha kuombaomba kikatusogeza
hadi taa za pwani zikawa punje za ulezi.
Hatukusema jambo la maana:
bei ya mchele, yule mwalimu mpya, goti lako.
Nilikula embe, maji yake yakanifika kiwikoni,
ukayafuta kwa kiganja, ukakilamba,
ukatazama pembeni kama kijana.
Miaka kumi na tisa, na bado kila kitu unakifunga
kwa fundo lilelile la kufungia ng'ombe, la kwenu milimani.
Nimesema mara ngapi: fundo hilo maji hayalijui.

Kisha milima ya Livingstone ikawashwa kwa ndani.
Mara moja. Kimya.
Ukaanza kuhesabu kama unavyofundisha darasa la tano:
moja, mbili, tatu, hadi kumi na nne.
Mara ya pili, tisa.
Mara ya tatu hukufika mbili.

Mvua haikunyesha, ilimwagwa.
Tanga likapiga kofi, mashua ikaegemea
kama mlevi anayetaka kukunong'oneza.
Shusha!
Fundo limekaza!
Nilikwambia!
(ndiyo, hata pale nilipata nafasi ya kusema nilikwambia)
Nikaikata kamba kwa kisu cha jikoni,
turubai likatuangukia wote wawili,
na chini yake, gizani, kwenye harufu ya kokoa,
ukasema kwa sauti ya mtu anayerudisha deni:
Tupokigwe, mimi sijui kuogelea.

Miaka kumi na tisa kando ya ziwa!
Nikakumbuka: kila jioni unaoga maji yakiishia magotini,
eti sabuni isipotee.
Watoto niliwafundisha mimi,
wewe ukisimama mchangani na taulo zao,
nami nikiwaambia wenzangu,
huyu mume anajali.

Kwetu Ikombe mtoto huoga ziwa kabla ya jina.
Nilikufunga kiunoni pangu
kwa fundo la mama, la kufungia vyungu
vinapovushwa kwenda mnadani Lyulilo:
havigongani, haviachani.
Nikamwaga maembe, nikakupa sufuria.
Fua maji, nikasema.
Nawe ambaye hujawahi kufua hata soksi
ulifua Ziwa Nyasa hadi majogoo,
ukitetemeka, ukihesabu sufuria,
mia tatu na ngapi sijui, nilisinzia kidogo.

Kulipopambazuka tulikuwa miambani, upande wa kwetu.
Mama mmoja, chungu kibichi mikononi,
alitukagua: kamba, blanketi, tanga lililochanika.
Mmevua nini?
Ukajibu, midomo ikiwa myeupe:
Tulikuja kupunga upepo.
Alicheka mpaka akakiweka chungu chini.
Alama ya vidole vyake, nadhani,
imechomwa nacho.

Jumapili baada ya ibada hukuvua shati.
Ulinipita bila neno, ukaingia ziwani.
Maji yakafika magotini. Yakapita.
Kiunoni ukasimama, mikono juu
kama mtu aliyekamatwa,
na kutoka mchangani, taulo begani,
nilikusikia ukianza:
moja,
mbili.