Tundu Linasema

Skrubu nne, na ya nne kichwa kimelika:
kuna mtu aliwahi kuja huku na bisibisi isiyo yake.
Bakuli la kabureta likashuka na petroli ya mwaka jana,
rangi ya chai iliyosahauliwa, harufu ya josho.
Au ni pua yangu. Honda hii ilikuwa ya bwana mifugo,
na bwana mifugo alikuwa baba,
na tangu Muheza hadi hapa Mpwapwa
hakuacha kitu kisichonuka dawa ya kupe.

Boya zima. Sindano haijala.
Katikati, shimoni mwake, jeti:
shaba, ndogo kama jino la kwanza la mtoto,
kichwani imegongwa mia na tano.

Ndahani alikuwa amechomoa plagi.
Nyeusi, imelowa, masizi ya sufuria la msibani.
"Inashiba kabla ya kutafuna," akasema.
"Kule Muheza hewa nzito. Huku juu nyepesi.
Mboga ikipungua, punguza na ugali."

Nikaenda Dodoma, duka la Barabara ya Saba,
nikarudi na jeti tatu ndani ya kikaratasi:
mia, tisini na nane, tisini na tano.
Muuzaji alizihesabu mara mbili, kama anauza meno.

Ndahani akazipanga kiganjani,
akaiinua ile kuukuu kwenye jua,
akafumba jicho moja.
Akanyamaza.
Akanipa.
Tundu halikuwa duara. Lilikuwa yai.
"Namba inasema mia na tano," akasema.
"Tundu linasema mia na ishirini, na bado linaongea."

Nilijua nani alilifundisha kusema.
Mteremko wa Kiboriani, usiku,
chanjo ya homa ya mapafu ndani ya sanduku la barafu,
injini ikakohoa mara moja ikazima.
Baba alichomoa uzi mmoja wa waya wa breki
akaziba mdomo wa tangi kwa kidole, mimi nimeshika tochi,
akazibua, akasugua, akasugua kupita haja,
huku barafu ikidondoka kwenye mguu wangu.
Tulifika. Ng'ombe za watu zilichanjwa.
Tangu hapo moshi mweusi,
na baba akailaumu petroli ya Kongwa, kisha ya Gairo,
kisha kila mtu mwenye pampu barabara hii.

"Anza na kubwa," Ndahani akasema.
"Shibe huichafua injini. Njaa huiua."

Mia. Barabara ya Kongwa, gia ya nne,
mkono wote hadi mwisho, nzige wananigonga kifuani,
kisha zima, shika klachi,
iache itambae kimya hadi ukingoni.
Fungua plagi, vidole vinaungua, pulizia.
Kahawa. Kahawa kali.

Tisini na nane. Barabara ileile, upepo uleule wa ubavuni,
na safari hii mlio haukuwa na kamasi.
Nikageuza plagi kwenye mwanga:
rangi ya karanga iliyokaangwa,
ile inayovuliwa ganda kwa pumzi.
Nikacheka peke yangu, mbuzi wakaniangalia.

Nikataka kujaribu na tisini na tano.
"Unatafuta nini tena?" Ndahani akauliza.
"Itunze. Siku ukipanda Kiboriani kwenyewe, utaidai."

Akarudisha bakuli. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Kwenye ya nne akasonya, akainua msumeno mdogo
amchongee njia mpya. "Nani mshenzi huyu?"

Baba alikuwa amechoka usiku ule, mikono inatetemeka.
Aliniachia moja niikaze mimi.
Nilikuwa na miaka tisa na kisu cha kukatia kamba.

"Iache," nikamwambia. "Inashika."