Karatasi za Njugu

Karatasi nazinunua kwa kilo, Mtemani:
hesabu za maduka yaliyokufa, mitihani ya mwaka juzi.
Siku ile, katikati ya mafaili ya bandari,
palikuwa na mwanamke wa rangi nne, kapaa,
leso yake imegeuka mbawa,
ngumi imetangulia mbele.
Binti Kimondo, ndivyo jalada lilivyosema.

Sikumsoma. Nilimkata,
nikamkunja pembe, nikamjaza njugu.
Akenda Limbani, akenda Selem, akenda skuli,
akawafikia watoto wa Wete kwa vipande:
goti, jicho, nusu ya neno.

Mwanangu Mize ndiye aliyemkusanya.
Kawafuata wenzake mpaka jaani,
kakipiga pasi kila kipande chini ya buibui langu kuukuu,
kaunga kwa uji wa muhogo.
Kurasa thelathini. Ya mwisho haikuonekana.

Ugomvi ukaanzia mlangoni kwangu, mbele ya beseni.
Bikombo wa jirani, kinywa kimejaa:
"Huyu mungu. Mungu wa kike.
Risasi zinamgonga zinalia kama vijiko.
Ukurasa wa ishirini kafa,
wa ishirini na mbili huyo, yuhai!
Nani mwengine awezaye?"

Nduguye, Shaame, akapiga astaghfirullahi
na mbio kwa Maalim Faki.
Maalim akaja, hakukaa.
"Kimondo ni cha kupigiwa mashetani," kasema.
"Hakina binti. Choma."

Mie chuoni nilikomea Amma.
Lakini Maalim, nikamwambia, subiri kidogo.
Mungu gani anauzwa kwa kilo?
Mungu gani akinyeshewa anatoka rangi,
anamwachia mtoto buluu viganjani?
Ana bei nyuma ya jalada,
ana tarehe ya toleo,
ana mtu aliyemchora kwa haraka
akamsahaulia kidole.
Tumehesabu. Mkono wa kushoto, vinne.
Na huyo ndiye wa kukutoa usingizini?

Maalim kacheka, kajizuia,
kaondoka na pembe ya njugu.
Hakulipa. Si neno.

Asiyecheka alikuwa Mize.
"Nyote hamkusoma," kasema.
"Mama, tazama ukurasa wa tisa.
Yuko ukingoni mwa paa, chini kunawaka,
na hapa pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote:
*Naogopa.*
Mungu haogopi.
Na huyu angekuwa mungu ningemtakia nini?
Mungu ninaye."

Nikashika kupepeta maganda
ambayo nilikwisha kuyapepeta.

Mwezi wa pili yake, usiku,
mdogo wangu Riziki akashikwa na uchungu, miezi saba tu.
Umeme ulikatika hospitali.
Mkunga kaomba simu zetu, akaingia nazo ndani,
tukabaki ukumbini, kiza, harufu ya dawa ya kufutia sakafu,
na sauti ya Riziki ikipita chini ya mlango.
Mize akasoma Ayatul Kursiyu,
akasoma tena, hakuruka hata herufi.
Nikausikia mkono wake: umefumbata karatasi.
Sikuhitaji taa kujua ni ukurasa gani.

"Unamuomba nani?" Nilikuwa mkali. Hofu hunitoka kwa ukali.
"Mungu," kasema.
"Huyu simuombi. Nimemshika tu.
Naye anaogopa."

Nikakaa.
Mlango haukufunguka, na haukufunguka.
Basi nikasogeza vidole kizani
nikamwambia, nipe na mie upembe.

Kitoto kililia saa kumi na robo,
kilio chembamba, kama cha mtu anayeuliza.

Karatasi bado nazinunua Mtemani.
Siku hizi nasoma kwanza,
kisha ndiyo nakata.