Kumi na Nne

Saa tisa usiku, nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
wanamleta Luvsandorj, barafu ingali imeshika nyusi.
Aliteleza mlangoni pake, gunia la makaa begani,
akajigonga kizingitini. Ndivyo asemavyo binti.
Ndivyo asemavyo mzee mwenyewe, mara ya tatu sasa,
kwa maneno yale yale, kama ndiyo kwanza anayaokota.

Ananuka vodka. Badamkhand, muuguzi, amekunja pua:
"Mlevi tu, daktari. Alale, ataamka na aibu yake."
Huenda. Lakini pombe ni shahidi mwongo.
Nimewahi kumwamini,
na jina la yule kijana silitaji.

Nahesabu. Macho yamefunguka yenyewe: nne.
Inua mkono. Anainua. Minya vidole vyangu.
Ananiminya kama anayekamua farasi: sita.
Uko wapi? "Hospitali, Ulaanbaatar. Wapi tena?"
Mwezi gani huu?
"Mwezi Mweupe."

Nakwama. Kalenda ukutani inasema Februari.
Lakini kwa baba yangu pia huu ni Mwezi Mweupe,
wa kuvaa joho jipya na kusalimia wakubwa.
Nimkate mtu alama
kwa kuitazama mbingu badala ya fomu?
Nampa tano. Jumla kumi na tano. Mzima.

"Kofia yangu iko wapi?"
Iko kifuani pake, ameikumbatia kwa mikono miwili.
Hiyo hapo, baba. Anacheka, anaipapasa.
"Kofia yangu iko wapi?"

Nafuta tano, naandika nne.
Alama moja. Ingekuwa sarafu, nisingeinama kuiokota.

Nawasha kurunzi. Mboni ya kulia inajikunja
kama konokono aliyeguswa pembe.
Ya kushoto inafikiri kwanza.
Inafikiri mno.

"Skani," nasema, na Badamkhand keshaachia breki za machela,
keshasahau pua yake, anakimbia.

Nominzul ananishika koti: "Lakini anaongea!
Daktari, si unamsikia anaongea?"

Namsikia. Mpaka kona ya mwisho ya korido namsikia
akiiuliza kila taa inayopita juu yake
kofia iko wapi.

Ninayo mimi. Ilidondoka walipogeuza machela.
Manyoya ya mbweha, utepe uliofumwa nyumbani,
na upande wa kushoto
pamebonyea kidogo,
kiasi cha kidole gumba.