Nondo Wapo

Dukani kwangu Uvinza nondo ni chuma:
milimita nane, kumi, kumi na mbili.
Nazihesabu asubuhi, nazihesabu jioni,
zimelala ubavuni mwa mifuko ya saruji
na hazijawahi kuruka.

Ndipo akaja Nyandwi, binti wa mpima chumvi,
yuko likizo kutoka chuoni,
akaomba taa ya kibarazani na shuka jeupe.
"La nini?"
"La nondo."
Nikacheka. Nikampa. Shuka la wageni, lile la Idi.

Saa tatu usiku, mvua ya kwanza imepita,
Ruchugi inanuka matope na magadi,
wakaanza kushuka kutoka gizani:
mmoja, sita, kisha sikuweza tena.
Mimi mhesabu chuma, hesabu ikanishinda.

"Huyu anaitwaje?" Kalamu mkononi.
Nondo, nikasema.
"Na huyu?"
Nondo.
"Na huyu mwenye doa kama figo begani,
mabawa rangi ya gome la mninga,
na chini yake, akijisahau,
njano ya kiini cha yai la kanga?"
Nikakohoa.

Sisi wenye migebuka na kuhe,
wenye jina la chumvi ya juu
na jina jingine la ile inayogandia sufuria,
tulipomfikia huyu tukachoka.
Hata kitabu cha Nyandwi, kinene kama tofali,
kilikuwa na picha ya binamu yake tu,
na chini ya picha: kiwavi hajulikani.
Haijulikani anakula nini.
Haijulikani kiangazi analala wapi.

Basi asiyejulikana akatua shingoni mwangu.
Nilikuwa nimeshusha lori mchana kutwa, sijaoga.
Akakunjua mrija, mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
akanywa jasho.
"Usitikisike," Nyandwi akanong'ona.
Miaka kumi na tisa nauza vitu vya kushikilia nyumba,
sijapata kusimama wima namna ile.

Treni ya Tabora ikapita, kibaraza kikatetemeka,
akabaki.
Kisha akaondoka tu, kama aliyekwisha lipa,
kaacha unga kidogo kwenye kola.
Shati lile nimelikatalia maji wiki nzima.

Asubuhi fundi Bukuru akaegemea kaunta:
"Nondo zipo?"
Mdomo ukanitangulia:
"Wapo."
Akanitazama.
"Wapo," nikarudia,
nikainuka kwenda kumpimia chuma.