Mia Mbili na Arobaini

Saa kumi alfajiri.
Nachuchumaa kando ya kitanda cha Chilongani,
nausoma mfuko wa mkojo kwa tochi ya simu:
mia mbili na arobaini.
Jana sabini.

Mkulima wa zabibu, mtu wa Hombolo,
rangi anaijua kunishinda.
"Bado ni ya mvinyo mbichi," ananong'ona.
"Uache utulie."

Kiu imempasua midomo.
Maji nampa kwa kijiko, na vijiko navihesabu.
Jioni mkewe alileta mlenda;
magadi nimeyakataza.
Alionja, akakunja uso kama mtoto,
akala wote.

Nje, Dodoma haijaona mvua tangu Aprili.
Humu tone limeanguka mfukoni,
kisha jingine.
Tumenyamaza wawili,
kama wenye shamba
wanaosikia bati likianza.