Ya Thelathini na Saba

Kamera ya baba haikuwa na betri.
Ilikuwa chuma kitupu, uzito wa pakiti ya unga,
mkanda wake ameushona upya kwa uzi wa viatu.
Aliinunua kwa fundi wa redio, Kirinyaga Road,
ikiwa na maandishi ya Kirusi
tuliyoamua ni jina la mwenyewe wa kwanza.

Mwanga aliupima kwa kiganja.
Anakinyoosha juani, anakigeuza,
anatazama kivuli cha dole gumba,
halafu anazungusha pete ya lenzi: "Kumi na sita,"
kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Jumapili, Uhuru Park, kando ya maji.
Filamu moja, picha thelathini na sita,
kwa hiyo kila mtu mara moja tu.
Watu wakavuta pumzi.
Wakaazimana tai, hata saa mbovu.
Kwach.
Basi. Hakuna cha kutazama.
Nusu ya pesa leo, nusu wiki ijayo,
nenda nyumbani hujui ulivyo.

Lugha yetu haina huruma na picha:
tunazipiga, tunazisafisha,
na nyingine huungua.
Nilipokuwa mdogo nilidhani River Road,
kwenye chumba kile cha taa nyekundu,
kuna mtu anafua nyuso kwa sabuni.

Ambazo hazikuchukuliwa ninazo mimi,
kwenye boksi la viatu.
Khavetsa wa Makongeni, na ua si lake.
Nyuma, kwa kalamu ya baba: *kalipa kumi, bado kumi.*
Mzee wa Miwani. Mapacha, mmoja kasogea.
Na kijana wa shati la mistari,
kifua mbele, mikono kiunoni, macho yamefungwa kabisa:
*Amefumba. Nimrudie bure.*

Hakurudi.
Ila ukiingiza filamu kwa ujanja, gizani, ndani ya koti,
unaiba picha moja zaidi,
na baba kila Jumapili alimwekea hiyo.
Alingoja mpaka boti zifungwe minyororo.
Kisha, kwa kuwa filamu haingoji na River Road wanataka mkanda uliokwisha,
aliniita: "Njoo, simama pale."

Ndiyo maana picha zangu za utotoni ni nyingi kuliko za jirani yeyote,
zote za saa kumi na mbili, zote zina giza kidogo,
nimekodoa macho kama nilivyoagizwa,
nimesimama mahali pa mtu.